Bustani isiyolilia mpira wa maji

"Fundi, nyasi ziko wapi?" Mkuu wa kituo cha utafiti aliniuliza hivyo, hapa Dodoma, ambako mvua ya mwaka kwa wastani haifiki milimita 600 na ikifika Mei mbingu imeshafunga. Sikubishana, nilimwomba bili ya maji tuisome pamoja.

Mibuyu miwili niliyoikuta sikuigusa. Pembeni ya maabara nikapanda mishubiri na mkwaju. Kwenye mteremko tulichimba makingamaji ya nusu mwezi, mdomo ukitazama juu, yadake maji ya paa kabla hayajakimbilia barabarani. Kipenzi changu ni ule mgunga unaopukutisha majani masika na kuchipua kiangazi: kivuli jua likiwaka!

Mbuzi wa jirani wameshaonja miche mitatu. Nimezungushia miiba.