Nimerudi Kigoma nikakuta Ziwa Tanganyika limefungwa

Mliokulia Katonga na Kibirizi mnajua usiku wa giza ulivyokuwa, vipe, yani vyombo vya kuvulia dagaa kwa taa, vimejaa ziwani, taa mpaka unadhani kuna mji mwingine kule upande wa Kongo. Mimi nimeshuka Kigoma Juni 2024 baada ya miaka mingi nje, usiku nikatoka kuangalia, hamna hata taa moja. Asubuhi mwaloni vyombo vyote viko mchangani, injini zimetolewa.

Ilikuwa ile amri ya kupumzisha ziwa, kusimamisha uvuvi 15 Mei mpaka 15 Agosti mwaka huo, sisi na Katavi na Rukwa, maana nchi nne zinazolizunguka zilikubaliana samaki waachwe wazaliane. Sababu naielewa, dagaa na migebuka wamepungua kweli.

Kinachoniuma ni nani kaubeba mzigo. Zamani ziwa lilikuwa na mapumziko yake, mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, watu wanabaki nyumbani wanashona nyavu, giza likirudi wanaingia, hata mwenye duka alikopesha kwa kuangalia mwezi. Safari hii ikawa miezi mitatu mfululizo. Tajiri mwenye chombo anaweza kusubiri, ana vyumba vya kupangisha. Kijana wa kuvuta wavu hana chombo wala shamba, anakula mgao wa usiku ule ule, sasa usiku wenyewe haupo! Mdogo wangu kaenda kufyatua tofali, mwenzake anaendesha bodaboda ya mtu, wengine wamepanda milimani kulima vibarua. Shangazi aliyesomesha watoto kwa kuanika dagaa wa hapa hapa anauza dagaa wa Mwanza, yani Kigoma, dagaa wa Mwanza, hilo limenikaa rohoni mpaka leo. Wanaambiwa wafuge samaki kwenye vizimba vya ziwani, sawa, ila kizimba kinataka vifaranga na chakula cha samaki kila siku, kibarua atatoa wapi mtaji huo?

Kwa hiyo wewe uliyeko nje na una ndugu mvuvi, ukisikia ziwa litafungwa tena tuma hela Machi au Aprili anunue mahindi kabla hajaingia kwenye mikopo, ukingoja Julai utakuwa unalipa riba za watu. Na ukitaka kumnunulia wavu aulize kwanza BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, ukubwa wa macho ya wavu unaoruhusiwa, usikimbilie wa bei chee, akikamatwa nao wavu unachomwa moto na hela yako imeenda.

Na serikali ikifunga tena, hao vibarua waandikwe majina mapema wapewe kazi ya doria kwa malipo, wao ndo wanajua nani anaiba kuingia usiku na anapitia wapi.