Bill Withers, fundi wa ndege aliyegeuka mwimbaji wa soul

Ukitaka kumwelewa Bill Withers, kaa kwenye kinanda. Wimbo wake "Lean on Me" (1972) huanza hivi: shika do-mi-sol, usibadili umbo la mkono, panda vibonye vyeupe hatua moja moja hadi fa, kisha shuka. Basi! Wanaoiharibu ni wale wa madoido.

Mzaliwa wa Slab Fork, West Virginia, 1938, alitumikia jeshi la majini la Marekani miaka 9, kisha akatengeneza vyoo vya ndege kiwandani. Ile "I know" mara 26 kwenye "Ain't No Sunshine" (1971)? Alikusudia kuandika mashairi mahali pale; wapiga ala studioni wakamwambia aache vilevile. Walikuwa sahihi. Baada ya albamu ya 1985 aliacha kurekodi, amechoshwa na mabosi wa lebo (kampuni za kurekodi muziki).