Baridi, betri na Mshtarii

Ndiyo kwanza naingia ndani, vidole bado vina ganzi.

Anga lilikuwa safi ajabu. Nikaelekeza darubini kwenye sayari ya Mshtarii (Jupita), mara mota inayoizungusha darubini ikaanza kukoroma, ikasimama. Na betri niliijaza jioni! Baridi kali huipunguzia betri nguvu, na grisi ya kwenye gia nayo hukaza, kwa hiyo mota inadai umeme mwingi zaidi.

Betri ya akiba nilikuwa nayo ndani ya koti, ina joto la mwili. Nikaichomeka.
Mota ikaamka!

Halafu lenzi ikashika barafu nyembamba. Jamani, msiifute, itakwaruzika. Nikaizungushia mkanda wa kupasha joto, nikangoja. Barafu ikayeyuka taratibu kuanzia ukingoni, na miezi 4 mikubwa inayoizunguka Mshtarii ikajitokeza, imejipanga mstari mmoja.

Nimefurahi mno.

Wenzangu, ninyi betri zenu mnazikingaje na baridi?