Mitetemo ya Jua na zamu yake fupi ya miaka miwili

Kiangazi cha Dodoma kina neema yake kwa mtu anayependa kulichunguza Jua: kuanzia Juni hadi Oktoba mawingu huwa machache, na mapema Oktoba Jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Msimu huo mimi na wanafunzi wangu wa fizikia huielekeza darubini ndogo kwenye Jua na kuiacha taswira yake iangukie karatasi nyeupe, kwa kuwa kulitazama moja kwa moja hupofusha. Mwaka 2024 duara hilo lilijaa madoa, makubwa yakiwa na kiini cheusi na ukingo wa kijivu; mwaka 2019, siku nyingi lilikuwa tupu.

Heinrich Schwabe, Mjerumani, ndiye aliyetangaza mwaka 1843 kwamba madoa huongezeka na kupungua kwa zamu, na leo tunajua kuwa zamu moja huchukua takriban miaka 11. Hata hivyo, madoa ni habari za uso wa Jua tu. Yanayotokea chini yake hayaonekani kwa darubini yoyote, na ndiyo maana mimi huithamini mitetemo ya Jua kuliko picha zake zote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Robert Leighton na wenzake nchini Marekani waligundua kwamba uso wa Jua hupanda na kushuka kila baada ya dakika 5 hivi. Gesi inayotokota karibu na uso huzalisha mawimbi ya sauti. Mawimbi hayo huzama ndani, hupindwa na joto linalozidi kuongezeka kadiri yanavyoshuka, kisha hurudi juu na kuutikisa uso. Sauti hiyo haiwezi kutufikia kupitia anga tupu, hivyo hupimwa kwa mwanga, kwa kutumia athari ya Doppler, yaani mwanga kubadilika kidogo urefu wa mawimbi yake uso unapotukaribia au kutuondokea.

Aliyewaona wanawake wa Kigogo wakipiga muheme anajua kwamba ngozi ya ngoma ikiota moto hukaza na mlio wake hupanda. Jua nalo, sumaku yake inapopata nguvu na madoa kuongezeka, masafa ya mitetemo yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, hupanda. Mabadiliko yenyewe ni madogo mno: katika mitetemo ya maikrohezi 3,000 hivi (maikrohezi moja ni mtetemo mmoja katika sekunde milioni moja), tofauti kati ya kilele cha shughuli za sumaku ya Jua na kipindi cha utulivu ni takriban maikrohezi 0.4. Kuipima tofauti hiyo kunahitaji kulitazama Jua kwa miaka mingi bila usiku kukatiza mara kwa mara, na kwa sababu hiyo Chuo Kikuu cha Birmingham cha Uingereza kina mtandao wa vituo sita vilivyotapakaa duniani, ambao vipimo vyake vya muda mrefu ni hazina isiyo na kifani. Kimojawapo kipo Sutherland, Afrika Kusini, na ninafurahi kwamba bara letu lina sehemu katika kazi hii.

Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba mitetemo ya masafa ya juu hubadilika kuliko ile ya masafa ya chini. Kwa kuwa ya masafa ya juu hufika karibu zaidi na uso kabla ya kurudishwa ndani, wanasayansi wamehitimisha kuwa sehemu kubwa ya badiliko la miaka 11 hutokea kwenye tabaka jembamba lililo chini kidogo ya uso. Lakini juu ya zamu hiyo ndefu imejitokeza nyingine ya takriban miaka miwili, ambayo huonekana wazi zaidi shughuli za Jua zinapokuwa kali. Hiyo haiyategemei sana masafa: huyagusa ya juu na ya chini kwa kiasi kinachokaribiana, na wapo watafiti wanaoona kwamba chanzo chake kiko ndani zaidi, pengine katika mtambo wa pili wa kuzalisha sumaku ulio tofauti na ule unaoendesha zamu ndefu. Mjadala huo haujafungwa, na mzunguko wa 25, yaani zamu ya sasa ya miaka 11 iliyoanza Desemba 2019, unawapa watafiti nafasi nyingine ya kupima ikiwa zamu hiyo fupi itafifia shughuli zitakapopungua, kama ilivyoonekana hapo awali.