Siku yangu na majani ya Kakamega

Watu wakisikia mimi ni mtafiti wa mimea huniuliza dawa: huu unatibu nini, na ule je? Mara nyingi sijui. Kazi yangu ni kupima majani na mbao, ili nielewe kila mti wa msitu huu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, unaishi vipi.

Saa kumi na mbili asubuhi nimevaa gambuti, nimekunywa chai, na boda imenishusha ukingoni mwa msitu, upande wa Isecheno.

Saa mbili tuko chini ya mwiritsa, Prunus africana kwa jina la kitaalamu. Tunahitaji majani yaliyokomaa, mazima, yasiyotobolewa na wadudu, tena yale ya juu yanayopigwa na jua. Ya kivulini huwa mapana zaidi na yenye unene mdogo, yangetudanganya. Kwa hiyo mwenzangu anarusha kamba kwa manati kubwa ipite juu ya tawi, tulivute. Inanasa. Anarusha tena. Mbega wanatutazama kama wamelipa kiingilio.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita na kuni akasimama.

"Nyinyi ndio mnaochuna gome usiku?"

Simlaumu. Gome la mwiritsa hutengenezewa dawa ya tezi dume ng'ambo, na miti mingi imekufa kwa kuchunwa ovyo, hata biashara yake ya kimataifa ikawekewa udhibiti mwaka 1995.

"Hapana, mzee. Tunachukua majani machache tu, tukayapime."

"Serikali inakulipa upime majani?"

"Si serikali, mzee. Na hao wanaonilipa wamechelewesha malipo."

Akacheka, akatuonyesha njia fupi ya kufikia miti mingine. Hadi saa sita tumejaza mifuko, kila mmoja una karatasi iliyoloweshwa ndani na uko kwenye kasha la barafu.

Hapo ndipo mbio zinapoanza, maana jani likinyauka hujikunja, na eneo utakalolipima ni la uongo. Tukafika kituoni, nikapanga majani kwenye skana, stima ikapotea. Laptopu ilikuwa na chaji kidogo, ikapiga skani chache ikazima. Mizani ni ya betri, basi nikapima uzito wa majani mabichi huku nikisubiri. Nikasubiri. Jirani akasema itarudi sasa hivi, neno ambalo hapa halina saa. Mwishowe nikatoa kioo cha fremu ya picha ukutani, nikakitumia kulalisha jani juu ya karatasi nyeupe kando ya rula, nikapiga picha kwa simu. Jani moja, picha moja, andika namba, futa kioo, jani jingine. Mgongo ukauma, jua likahama, ikabidi nihamishe meza nje, mvua ya Kakamega nayo ikaona hapo ndipo pa kunyesha. Sijui ilikuwa saa ngapi nilipomaliza. Chakula cha mchana sikukiona.

Yote haya ni kwa ajili ya hesabu moja fupi: eneo la jani gawanya kwa uzito wake likishakauka. Namba ikiwa kubwa, jani lina unene mdogo, mti umetumia kidogo kulitengeneza na unakua haraka, ila jani halidumu. Ikiwa ndogo, jani ni gumu, ghali kwa mti, na hukaa muda mrefu. Mwaka 2004 watafiti walikusanya vipimo vya spishi 2,548 kutoka sehemu 175 duniani, wakakuta mpangilio huohuo. Mimi nataka kujua unajitokezaje pale ambapo msitu wetu ulikatwa na sasa unajirudisha wenyewe.

Stima imerudi usiku. Majani yote niliyopima yako kwenye bahasha ndani ya tanuri, nyuzi 70, kwa saa 72. Ikipotea tena, kuhesabu kunaanza upya. Mifuko ya majani ambayo hatukufikia kuyapima leo imejaa friji, na mwenzangu ameuliza mara mbili nani ametoa maziwa yake. Nimejifanya nimelala.