Nilivyoweka utaratibu wa kulala kwa watoto ninaokaa nao baada ya shule

Mi nakaa na watoto wa watu hapa Kimara, Dar. Basi la shule linaanza kuwashusha saa 6 mchana wale wa chekechea, wa la kwanza na la pili wanafika kwenye saa 8, wazazi wanawafata jioni na wengine mpaka saa 1 usiku maana foleni ya Morogoro Road mnaijua wenyewe. Mzazi akija mara ya kwanza anauliza chakula, anauliza homuweki, anauliza bei, hakuna anaeuliza mtoto wangu atalala wapi. Na mimi naona hapo ndo penye kazi kubwa, mtoto anaecheza akiumia utamsikia tu analia, aliyelala hakuambii kitu.

Kwanza ilibidi nikubaliane na wazazi kwamba watalala, maana walikuwepo waliotaka akifika tu apigwe tuisheni hadi jioni. Nikawa nawapigia hesabu, mtoto wa miaka 3 mpaka 5 anatakiwa alale masaa 10 mpaka 13 kwa siku ukijumlisha na usingizi wa mchana, wa miaka 6 mpaka 12 masaa 9 mpaka 12. Sasa wa kwako anaangalia tamthilia na dada mpaka saa 4 usiku, saa 11 alfajiri anaamshwa basi lisimuache, hapo ni masaa 7, hayo mengine atayatoa wapi jamani? Wengi walielewa. Ila naamsha wote kabla ya saa 10 jioni, akipitiliza hapo usiku hatalala na mama yake atanilaumu mimi.

Magodoro sikununua yale ya watoto yenye makatuni, bei zake hapana. Nilichukua ya nne kwa sita, magumu, fundi akayakata, moja likatoa vigodoro vitatu vya mbili kwa nne, nikavishonea vifuniko vya plastiki nene kama vya vitanda vya hospitali, akikojoa unafuta na sabuni unaanika maisha yanaendelea. Juu yake kila mtoto ana kanga yake ina jina lake, hakuna kuchangia, mto wala shuka, maana mapunye, upele na chawa ndo vinapopitia hapo. Wanalala mzungu wa nne, huyu kichwa huku yule kichwa kule, ili mmoja akikohoa asimkoholee mwenzie usoni, alafu kati ya godoro na godoro naacha njia ya mtu mzima kupita. Neno kikojozi ni marufuku kwangu, aliyelowesha anabadilishwa chupi kimya kimya na wenzake hawaambiwi.

Chumba chenyewe nilimwambia fundi ang'oe mlango kabisa, akanishangaa, nikamwambia wewe ng'oa. Sitaki siku mtu ajifungie humo na mtoto wa mwenzangu kwa sababu yoyote. Hakuna mtu mzima kulala na watoto, hata dada akichoka vipi, na wale wakubwa wa kike na wa kiume nimewatenganisha kwa kabati. Kuna dada mmoja anakaa humo muda wote wamelala, kazi yake ni kuzunguka anawaangalia nyuso, nani anatokwa jasho sana, nani amechemka, nani anapumua kwa shida. Mwenye pumu analala karibu na kiti cha huyo dada na dawa yake iko juu ya kabati, mwenye selimundu (sikoseli) anakunywa maji kabla ya kulala na akiamka, na feni haimpulizi yeye moja kwa moja.

Jiko la mkaa ndo sina mjadala kabisa. Maharage yanainjikwa nje, hata mvua ikinyesha tunakaa chini ya bati huko huko nje, wala silileti koridoni. Mkaa unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, haionekani wala hainuki, ukiona mkaa umekolea mwekundu vizuri bila moshi usidhani ndo salama, na aliyelala hashtuki, ndo anazidi kuzama kwenye usingizi. Madirisha yako wazi mchana kutwa, nimeweka nyavu, maana mbu wa dengi anauma mchana na Dar hapa tulishaugua dengi 2014 na tena 2019, kwaiyo kusema mbu ni wa usiku tu sikubali.

Kuna kichanga kimoja tu hapa, mtoto wa dada anaenisaidia, ana miezi 7. Yeye analazwa chali, godoro gumu, hana mto, hana blanketi wala midoli pembeni, na kanga haifunikwi usoni hata kama jua linamuwakia, tunamhamisha. Bibi yake alikuja akasema atapaliwa akilala chali, nikamwambia bibi, Marekani walianza kampeni ya kuwalaza chali 1994 na vifo vya ghafla vya vichanga usingizini vikapungua karibu nusu. Akaguna, ila tangu siku hiyo akija anamgeuza chali mwenyewe.

Sasa hii ya sirapu. Mama mmoja alinipa chupa ya dawa ya mafua, mtoto hana hata kamasi, akaniambia "dada mpe kijiko tu, huwa inamlaza vizuri, hatokusumbua." Nikamrudishia. Zile dawa zinazoleta usingizi zinaweza kumpunguzia mtoto mdogo pumzi, na wengine ndo zinawapandisha wanakuwa kama wamechanganyikiwa. Nikamwambia mama, asiyetaka kulala hapa halazimishwi, anajilaza na kitabu cha picha au anachora kimya kimya basi. Na kweli huyo mtoto wake nusu ya siku anachora, siku zingine namkuta ameshika kalamu anakoroma.

Kilichonisumbua mpaka nikaweka sheria ni muda wa kuwachukua. Bodaboda anatumwa, mtoto amelala fofofo, anambeba anampakia hivyo hivyo mbele juu ya tenki. Siku hizi simtoi mtoto amelala. Anaamshwa, ananawa uso, anakunywa maji, anakaa kidogo mpaka macho yafunguke, alafu namuuliza huyu ni nani? Akishataja jina na mimi nimempigia mama yake ndo anatoka. Bodaboda wananuna kweli kweli, kuna mmoja alinipigia honi getini mpaka jirani akatoka, nikamwambia kaka zima pikipiki ukae kwenye benchi hapo, anavaa viatu.