Fundo la Jumatano

Kazi yangu ni kushona nyavu hapa Kirumba, Mwanza, jirani na mwaloni wanaposhushia samaki, kwa hiyo uzi wa nailoni haukosekani mkononi mwangu. Ndio niliotumia kupima shavu la mtoto wa mdogo wangu. Nilishika ncha moja chini ya sikio, nikaupitisha uzi juu ya uvimbe mpaka katikati ya kidevu, nikapiga fundo. Ilikuwa Jumapili, siku waliyoshuka kwenye meli ya Nansio, kutoka kisiwa cha Ukerewe. Jumatano nikaurudisha: fundo halikufika kidevuni. Lilipungua upana wa kidole kizima. Nikapiga fundo la pili, nikamwambia mdogo wangu, leo leo tunapanda hospitali ya Bugando.

Mtoto ana miaka 7. Kule kisiwani alianza kwa kulia jino. Aling'olewa moja, baada ya siku chache la pili, maana nalo lilikuwa linacheza. Akapewa dawa za kukausha kidonda, zikaliwa wiki 3. Sitamtaja aliyeng'oa, meno yalikuwa yamelegea kweli. Lakini naomba kila mzazi wa ukanda huu wa ziwa alijue hili: meno ya mtoto yakilegea upande mmoja huku taya inavimba, usiishie kwenye jino. Huenda kuna kitu ndani ya mfupa kinayasukuma.

Walimkata kinyama cha kupima, wakampiga ultrasaundi ya tumbo, wakachukua damu na maji ya uti wa mgongo. Jibu likawa limfoma ya Burkitt, saratani ya mfumo wa limfu. Sikuwahi kulisikia hilo neno. Daktari akaniuliza, "Mama, mitoki unaijua?" Nani asiyeijua! Ukijikata mguu, kinena kinavimba. Akasema hizo ndizo tezi za limfu, vituo vya chembe nyeupe zinazotulinda. Saratani hii huanza pale chembe moja ya aina hiyo inapoharibika, ikawa inajigawa bila kukoma. Na hii ya Burkitt ina haraka kuliko karibu saratani zote za binadamu: chembe zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Nikalielewa fundo langu la Jumatano.

Haraka hiyo hiyo, akasema, ndiyo inayoipa dawa nafasi, kwa kuwa kemo, yaani dawa za kuua saratani, huzipiga zaidi chembe zinazojigawa.

Mdogo wangu alikuwa anaulizwa kila siku kwa simu amemkosea nani, mtoto karogwa na nani. Ndiyo maana nilitafuta kujua chanzo. Aliyeuandika ugonjwa huu mwaka 1958 ni Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala, ng'ambo tu ya ziwa letu. Mwaka 1961 alizunguka na gari kiasi cha kilomita 16,000 akiulizia hospitali kwa hospitali, akakuta watoto wanaugua kwenye joto na mvua, siyo kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakaona kirusi ndani ya chembe za uvimbe uliotoka Uganda. Kirusi hicho kinapita kwenye mate, na karibu sote tunacho tangu utotoni bila madhara. Ila malaria ikimrudia mtoto mara kwa mara, mwili wake unashindwa kukidhibiti, na hapo chembe inaweza kuharibika. Hakuna jirani hapo. Na mtoto hamwambukizi mwenzake saratani hii.

Usiku wa kuamkia dozi ya kwanza alitundikiwa dripu mpaka asubuhi, nasi tukapewa jagi la kupimia mkojo. Chembe zikifa kwa wingi, taka zake humwagika kwenye damu na zinaweza kuziba figo. Nilikaa na lile jagi kama mtu anayelinda mali. Dawa zilikuwa siklofosfamidi, vinkristini na methotreksati, hii ya mwisho ikichomwa pia kwenye uti wa mgongo, maana saratani hii hupenda kukimbilia huko.

Siku ya 5 uzi ulilegea. Dozi ya pili ilipofika, mashavu yalikuwa sawa.

Hapo ndipo tulipogombana. Mdogo wangu akafunga begi. "Dada, mtoto kapona, wenzake nimewaacha na bibi yao, mihogo inaliwa na ngedere, nakaa hapa kufanya nini?" Nilimwelewa. Nauli ya meli, chumba changu kimoja, watu watano. Lakini nilikuwa nimemsikia daktari: kilichoisha ni kile tunachokiona, na zikibaki chembe chache, kwa kasi ile ile zitarudi, tena zikiwa zimeshaizoea dawa. Dozi ni 6. Nilimwomba mdogo wangu huku nalia. Nikamwonyesha uzi, mafundo yale mawili, siku tatu kati yake. Alikaa kitandani muda mrefu ameushika. Kisha akafungua begi.

Tumeshamaliza ya 4. Nywele zimekwisha, choo kinamfunga tunampa papai, nyayo zinamfanya ganzi. Wiki iliyopita alichemka saa 8 usiku, tukamkimbiza na bodaboda, kwani chembe nyeupe zikiwa chini homa haisubiri kuche. Alichomwa dawa akatulia.

Dozi ya 5 ni Alhamisi. Uzi nimeutundika kwenye msumari karibu na mlango, na kila asubuhi akishanawa uso ananiletea mwenyewe nimpime.